Baada ya operesheni: hatari haiishi mgonjwa anapoamka

Ndugu anapopelekwa operesheni, makanisa yetu yanaomba kwa bidii asubuhi ile. Habari ikifika kwamba ameamka katika dawa ya usingizi, tunashukuru, na wengi wanarudi nyumbani. Lakini uchunguzi uliofanyika hapa Afrika unatuonyesha kwamba wakati huo ndio wa kukaza macho.

Mwaka 2016, hospitali 247 katika nchi 25 za Afrika, Kongo yetu ikiwa kati yao, ziliandika habari za wagonjwa wakubwa wote waliopasuliwa kwa siku 7. Walikuwa 11,422. Kazi hiyo iliongozwa na Profesa Bruce Biccard wa Chuo Kikuu cha Cape Town, na matokeo yalitangazwa mwaka 2018 katika gazeti la waganga, The Lancet.

Wengi wao walikuwa bado vijana. Hata hivyo, karibu mmoja kati ya 5 alipata matatizo baada ya operesheni, hasa maambukizo. Waliokufa ni 239, yaani kama 2 kwa kila 100, mara mbili kuliko kadiri ya dunia nzima. Na kati ya hao 239, watu 225 hawakufa siku ya kupasuliwa. Walikufa katika siku zilizofuata, wakiwa kitandani.

Sababu moja inaeleweka. Katika hospitali hizo, waganga wa kupasua, wa uzazi na wa dawa ya usingizi, wakihesabiwa pamoja, hawakufika hata mmoja kwa watu 100,000. Damu inayovuja polepole ndani ya tumbo haipigi kelele. Usiku wauguzi ni wachache, na dalili inaonekana wakati umekwisha kupita.

Kwa hiyo watafiti hao walijaribu dawa ya kulinda. Katika uchunguzi wa pili, uliotangazwa mwaka 2021, hospitali 332 za nchi 28 ziligawanywa makundi mawili. Kundi moja liliombwa kumpa mgonjwa mwenye hatari kubwa kitanda karibu na meza ya wauguzi, kumpima mara nyingi zaidi, na kuruhusu jamaa akae naye. Tusifiche matokeo: vifo havikupungua. Kuona hatari peke yake hakutoshi, kama damu ya kuongeza, dawa na mganga wa kurudisha mgonjwa chumba cha operesheni havipatikani.

Je, jamaa aache kulinda? Hapana. Alinde akijua anachotazama, naye aite muuguzi mara moja akiona haya:

- pumzi ya haraka au ya shida;
- damu inayolowesha bandeji;
- homa, au baridi yenye jasho;
- tumbo linalovimba na kukaza;
- mkojo uliopungua sana;
- mgonjwa anayechanganyikiwa au asiyeamka vizuri.

Asimpe chakula, kinywaji wala dawa ya miti bila ruhusa ya wauguzi. Wakiruhusu, amsaidie kuketi na kutembea mapema, kwa maana kulala bila kujisogeza kunadhoofisha mapafu na kugandisha damu miguuni.

Basi, wazee wa kanisa na wamama, pangeni zamu za kulinda usiku, si siku ya operesheni tu. Na mkichanga kwa ajili ya mgonjwa, msimalize yote kabla ya kisu. Wekeni sehemu kwa ajili ya siku zinazofuata, na watu wawe tayari kutoa damu.