Hungaria ya 1954 na Wachezaji wa Akiba

Kila wanafunzi wa zamani tunapokutana hapa shuleni huzuka ubishi ule ule: timu ya shule ikiondokewa na wale vijana wawili watatu wa Kidato cha Sita, itabaki na nini? Naomba nijibu kwa habari za Hungaria ya mwaka 1954, maana sidhani kama imepata kuwako timu iliyostahili Kombe la Dunia kuliko ile, nayo ikalikosa.

Nguzo zake zilikuwa Grosics golini, Bozsik katikati, na mbele Hidegkuti, Kocsis, Czibor na nahodha Puskás. Wote hao, isipokuwa Hidegkuti, walikuwa wamekusanywa katika klabu moja ya jeshi, Honvéd, wakawa wanafanya mazoezi pamoja mwaka mzima. Mwaka 1952 walitwaa dhahabu ya Olimpiki mjini Helsinki. Novemba 1953 waliwafunga Waingereza 6–3 pale Wembley, na Mei 1954 wakawachapa tena 7–1 mjini Budapest.

Kombe la Dunia lilichezwa Uswisi. Katika mchezo wa kundi tarehe 20 Juni, Hungaria iliilaza Ujerumani Magharibi 8–3. Lakini Sepp Herberger, kocha wa Wajerumani, alikuwa amewapumzisha wachezaji wake wengi na kuwapanga wa akiba, kwani alijua kwamba hata akifungwa atapata nafasi nyingine dhidi ya Uturuki. Siku hiyo hiyo Puskás aliumizwa kifundo cha mguu.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wanaosema Hungaria haikuwa na watu. Bila Puskás iliitoa Brazili 4–2, kisha ikawatoa Uruguay, mabingwa watetezi, 4–2 katika dakika za nyongeza. Watu walikuwapo, kilichopungua ni moyo wa kuwaamini. Kwa fainali ya tarehe 4 Julai mjini Bern, Puskás alirudishwa kabla hajapona sawasawa, na safu ya mbele ikapanguliwa kwa ajili yake: Budai akaachwa nje, Czibor akahamishiwa kulia, Tóth akawekwa kushoto. Enzi hizo Kombe la Dunia halikuruhusu kubadilisha mchezaji (ruhusa ilikuja 1970), hivyo aliyeingia akichechemea alimaliza akichechemea. Walipata mabao mawili katika dakika nane, la kwanza likiwa la Puskás mwenyewe. Wajerumani wakasawazisha mapema, na dakika ya 84 Helmut Rahn akafunga la tatu. Bao la Puskás la mwishoni lilikataliwa kwa kuotea. Ubishi huo nawaachia wengine.

Pigo kubwa lilikuja na maasi ya 1956. Honvéd ilikuwa nje kwa ajili ya Kombe la Klabu Bingwa la Ulaya, na Puskás, Kocsis na Czibor hawakurudi nyumbani. Vijana wengi wa timu ya taifa ya vijana nao walibaki ugenini, kwa hiyo nchi ilipoteza nyota pamoja na warithi wao. Mwaka 1958 Hungaria ilikwenda Uswidi na Hidegkuti yule yule, sasa ana miaka 36, ikatolewa na Wales.

Katika utumishi wa serikali tunaijua hali hii. Kuna karani mmoja tu anayejua jalada liko wapi. Akienda likizo, idara nzima imekwenda likizo.

Lakini kuondoka kwa Kidato cha Sita si ajali kama kifundo cha Puskás. Tarehe yake inajulikana tangu mwaka unapoanza, na bado timu ya pili hukaa kando ya uwanja ikiokota mipira. Kwenye mkutano wetu wa mwaka, sisi wazee huchezeshwa na timu ya kwanza, nayo hutufunga bila jasho. Namwomba mwalimu wa michezo safari hii atupangie timu ya pili.