Wenyeji wa Fundo, Maji Yao na Kura Zao

Ng'ambo ya bandari ya Wete, upande wa magharibi wa Pemba, kimelala kisiwa chembamba na kirefu kiitwacho Fundo, chenye Njao upande wake wa kaskazini na Kokota na Uvinje upande wa kusini, na baina ya visiwa hivyo imo milango ya bahari iingiayo katika maji matulivu ya ndani. Ardhi yake ni ya mawe ya matumbawe, wala haikujaaliwa karafuu kama mabonde ya Pemba kuu; neema yake imo majini, katika miamba ya pweza, katika mikoko, na katika vilindi vya Mkondo wa Pemba. Anayetaka kuandika tarikhi ya siasa ya watu wa mahali kama hapa hatafika mbali akiifungua kwa majina ya vyama na wagombea. Sharti aanze na suali lililorudi katika kila zama, yaani ni nani ahesabiwe kuwa mwenyeji, kwa sababu jawabu la suali hilo ndilo lililoamua nani avue wapi, na ndilo lililoamua nani apige kura.

Chini ya himaya ya Waingereza watu wa Zanzibar walihesabiwa kwa makabila na asili zao, na Baraza la Kutunga Sheria lililofunguliwa mwaka 1926 likawa na wajumbe wa Waarabu, wa Wahindi na wa Wazungu, ilhali Mwafrika wa kwanza hakuingia humo mpaka mwaka 1946, miaka ishirini mizima baadaye. Katika hali hiyo ndipo Wapemba, karibu na mwaka 1940, walipoasisi Jumuiya ya Washirazi ili wadai kutambuliwa kuwa wenyeji wa asili wa visiwa, wenye maslahi yao na sauti yao, wasihesabiwe kuwa kivuli cha wengine. Wako waandishi waliolichukulia dai hilo la Ushirazi kuwa ni majivuno ya nasaba tu, na mimi naona wamelidhulumu. Katika dola inayogawa vyeo na mahitaji kwa majina, mtu asiyetajwa hapati kitu, na kujitaja kwake ni kudai haki.

Uchaguzi wa kwanza ulifanyika Julai 1957, baada ya taarifa ya mwaka uliotangulia ya Bwana Coutts, aliyepewa kazi ya kuchunguza njia za kuchagua wajumbe wa Baraza, kushauri kuwa wapiga kura waandikwe katika daftari moja badala ya kutengwa kwa makabila. Viti vilivyogombewa vilikuwa sita, viwili vyake vya Pemba, na hivyo vikachukuliwa na Mohammed Shamte na Ali Sharif Musa. Lakini waliopiga kura walikuwa wanaume peke yao, raia wa Sultani, waliotimiza miaka 25, waliokuwa na mali, au pato, au elimu ya kusoma, au utumishi uliotajwa katika sheria. Masharti hayo yalimfaa mwenye shamba kuliko mvuvi. Tangu tufani ya mwaka 1872 kuiangamiza mikarafuu ya Unguja, Pemba ndiyo iliyokuwa ghala ya karafuu, na Wapemba wengi walikuwa na miti yao wenyewe, kwa hiyo mtu wa bara ya kisiwa aliweza kuonyesha mali yake kwa kidole. Bali mwamba ambao babu na mjukuu wameuvua kwa zamu hauandikiwi hati, na ngalawa na madema havikuhesabiwa kuwa utajiri mbele ya karani.

Mlango ulifunguka upesi baada ya hapo. Wanawake walipata haki ya kupiga kura mwaka 1959 na wakaitumia katika chaguzi mbili za mwaka 1961, ule wa Januari na ule wa Juni. Na Julai 1963 kila mtu mzima akawa na kura. Shamte na Ali Sharif, waliokuwa wamejiunga na Afro-Shirazi Party (ASP), walikuwa wamekwisha kujitenga nayo mwishoni mwa mwaka 1959, wakaunda Chama cha Watu wa Zanzibar na Pemba, ambacho katika uchaguzi wa Januari kilipata viti vitatu tu miongoni mwa 22, na hivyo vitatu ndivyo vilivyoshika mizani ya nchi nzima, kwani ASP ilikuwa na kumi na chama cha Hizbu (ZNP) tisa. Serikali ya umoja wa Hizbu na chama cha Shamte iliyopatikana hatimaye ilipokea uhuru tarehe 10 Desemba 1963, na Mapinduzi yakaja tarehe 12 Januari 1964.

Toka hapo hadi mwaka 1980 Zanzibar haikupiga kura ya kuchagua wajumbe wake. Nataka msomaji asimame hapa kidogo, maana ni katika kipindi hicho, mwaka 1968, ndipo mafuta na gesi asilia vilipoingizwa katika orodha ya mambo ya Muungano. Na ni mwaka huo huo lilipoundwa Shirika la Biashara la Taifa la Zanzibar lililokuwa mnunuzi pekee wa karafuu. Hatima ya utajiri wa chini ya bahari na ya utajiri wa juu ya mti iliamuliwa na watu wasioweza kuulizwa na wapiga kura. Hoja iliyokuja kuwaka katika Baraza la Wawakilishi mwaka 2009, lilipoazimia mafuta yatolewe katika mambo ya Muungano, ilikuwa na mizizi yake katika ukimya huo. Baada ya Sheria ya Petroli ya mwaka 2015 kuiachia Zanzibar ishughulikie mafuta yake, na Zanzibar kutunga sheria yake mwaka 2016, mkataba wa kitalu cha Pemba na Zanzibar ulitiwa saini na kampuni ya RAK Gas Oktoba 2018. Na kitalu hicho kimo katika bahari ile ile wanamovua wavuvi wa ngalawa.

Vyama vingi viliporejea, Pemba ilijibu kwa sauti moja: katika uchaguzi wa 1995 viti vyake vyote 21 vilikwenda kwa chama cha upinzani cha CUF. Yaliyofuata yanajulikana na yanauma. Tarehe 26 na 27 Januari 2001, katika maandamano ya kupinga uchaguzi wa mwaka uliotangulia, watu waliuawa Pemba kwa risasi, na zaidi ya 2,000 wakavuka mkondo kwa mashua kukimbilia Shimoni, Kenya. Muafaka baina ya CUF na chama tawala, CCM, ulitiwa saini Oktoba mwaka huo. Hata hivyo mzozo wa nani aandikwe haukwisha, kwa sababu sheria ilitaka mpiga kura awe amekaa jimboni kwa miezi 36, na kitambulisho cha Mzanzibari mkaazi, kilichoanzishwa kwa sheria ya mwaka 2005, kikawa ufunguo wa daftari. Uandikishaji ulioanza Pemba mwaka 2009 ukasitishwa kwa muda kwa malalamiko ya walionyimwa kitambulisho hicho. Mtu wa Fundo huvuka maji kwenda Wete kwa shughuli za ofisi, na mvuvi aendaye dago, akakaa miezi pwani ya mbali akifuata samaki wa kaskazi, anaweza kuulizwa makaazi yake yako wapi. Anayemthibitisha ni sheha, msimamizi wa shehia, yaani eneo dogo kabisa la utawala. Na sheha huyo huyo ndiye ambaye kamati ya wavuvi ya shehia humkimbilia inapokamata nyavu haramu.

Maana hapa katika shehia haki hizi mbili, ya kuvua na ya kupiga kura, hukutana uso kwa uso. Bahari yote ya magharibi ya Pemba imo katika Hifadhi ya Mkondo wa Pemba tangu mwaka 2005, na Sheria ya Uvuvi ya mwaka 2010 imezipa nafasi kamati za wavuvi kushirikiana na serikali katika ulinzi wa maji. Fundo ni miongoni mwa shehia zilizoingia katika utaratibu wa kufunga mwamba kwa pweza, kwa kawaida muda wa miezi mitatu, kisha kuufungua siku ya bamvua kwa wote. Wanaoumia zaidi mwamba unapofungwa ni wanawake, wanaouvua kwa miguu maji yakitoka, na ambao hawana mashua ya kuwapeleka kwingine. Wasipokuwa na kauli katika kuamua ni lini ufungwe, utaratibu huo unakuwa amri juu yao, hata ukiwa mzuri namna gani.

Ng'ambo ya mkondo, katika Kwale na Kilifi, wamo Wapemba ambao wazee wao walihamia pwani ya Kenya kwa uvuvi, wengine katika zama ambazo pwani hiyo, kwa sheria, ilikuwa milki ya Sultani wa Zanzibar. Baada ya mwaka 1963 wakawa hawana dola: hawana kitambulisho, kwa hiyo hawana leseni ya uvuvi wala kura. Walidai kwa miaka mingi, wakafikisha ombi lao Bungeni, wakitazama mfano wa Wamakonde waliotambuliwa mwaka 2016. Na mwaka 2023 Serikali ya Kenya ikawatambua kuwa kabila la nchi, na Julai mwaka huo Rais William Ruto akawakabidhi vitambulisho huko Kilifi. Kwa siku moja walipokea bahari na kura.

Nayakumbusha hayo kwa sababu mgeni wa dago ni shitaka la kila siku katika shehia za visiwa vidogo. Kamati ikifunga mwamba wake, mashua za shehia nyingine huja usiku, na walinzi husema, kwa haki, kuwa jasho lao limevunwa na wengine. Lakini mtu wa Fundo mwenyewe huwa mgeni wa dago katika maji ya wengine, na kule hutaraji kukaribishwa. Sheria iliyoandikwa mjini haiwezi kupima jambo hili vyema. Yafaa shehia kwa shehia ziandikiane mapatano ya dago, yakitaja siku, zana na sehemu ya mapato ya mwenyeji, na Idara ya Uvuvi iyatie nguvu ya sheria kama yalivyo, pamoja na saini za wanawake wa mwambani.