Leseni na Kibali: Wauza Chakula wa Barabarani na Majirani Zao katika Mji wa Dar es Salaam

Katika Kiswahili cha mjini yako maneno mawili ambayo watu huyatumia kana kwamba yana maana moja, nayo ni leseni na kibali. La kwanza tumelipata kwa Waingereza. Ni karatasi itolewayo ofisini kwa fedha, yenye muhuri na tarehe ya kwisha. La pili limetokana na kukubali, na asili yake ni Kiarabu. Maana yake ya kwanza si karatasi, bali ni hali ya mtu kukubaliwa na kupendeza mbele ya wenziwe. Hata leo mtu husema kwamba fulani amepata kibali kwa watu, wala hapana ofisi iliyompa. Katika makala haya nakusudia kuonyesha ya kwamba historia ya wauza chakula wa barabarani katika Dar es Salaam ni historia ya mambo haya mawili kutengana. Wengi walikuwa na kibali cha mtaa pasipo leseni. Na wengine walishika leseni mkononi, lakini kibali cha majirani hawakukipata.

Mji huu ulianza kujengwa na Seyyid Majid bin Said wa Unguja katika miaka ya 1860. Mwaka wa 1891 Wadachi waliufanya makao makuu ya serikali yao badala ya Bagamoyo, na mwaka wa 1905 wakaanza kujenga reli ya kwenda bara. Mji wa bandari na reli ni mji wa watu walao nje. Hamali, baharia na kibarua aliyetoka mbali hawakuja na jiko. Waliondoka alfajiri na kurudi usiku, na fedha yao ilikuwa ya siku moja moja. Kwa ajili yao alikuwako muuza kahawa, mwenye dele mkono mmoja na vikombe vinavyogongana mkono wa pili. Na walikuwako akina mama waliokaa mbele ya nyumba na vitumbua, maandazi, mihogo na samaki wa kukaanga. Aliyeuza chakula mlangoni mwake aliwauzia watu wa mtaa wake. Muuzaji, mlaji na jirani walikuwa watu wa jamaa moja, na palipotokea ugomvi juu ya moshi au maji machafu, wazee wa mtaa waliukata papo hapo.

Hali hii ilibadilika mji ulipogawanywa. Baada ya vita vya 1914-1918 Waingereza waliendeleza mpango uliokwisha anzwa na Wadachi wa kutenga sehemu za mji kwa namna ya majengo, na kwa kweli ilikuwa kutenga watu kwa rangi zao: Uzunguni karibu na bahari, Uhindini penye maduka, na Kariakoo kwa Waafrika. Jina la Kariakoo lenyewe ni kumbukumbu ya wapagazi wa vita, yaani Carrier Corps. Kati ya Uhindini na Kariakoo paliachwa uwanja wa Mnazi Mmoja, na sababu iliyotajwa ilikuwa afya. Lakini kazi haikugawanywa kama makazi. Mwenye kulala Kariakoo alifanya kazi bandarini, katika maghala na katika ofisi, na chakula kilimfuata huko. Ndipo alipotokea mtu ambaye mji haukumjua zamani: jirani asiyekula. Mchuuzi alikaa mbele ya nyumba ya mtu ambaye hakununua kwake, hakusema naye lugha moja nyumbani, na hakuona faida yoyote ya kuwapo kwake.

Malalamiko ya jirani huyo yalikuwa ya namna mbili, na yafaa tusiyachanganye. La kwanza lilikuwa la uchafu: moshi, maganda, nzi, na maji ya kuoshea vyombo yaliyomwagwa mferejini. Hili halikuwa uzushi. Mwenye nyumba aliyelisema alisema kweli. La pili lilikuwa la biashara. Mwenye duka alitoa kodi ya nyumba na ada ya leseni, na mchuuzi alisimama mlangoni pake pasipo kutoa kodi ya namna hiyo. Nalo lina haki yake. Hata hivyo lalamiko la pili mara nyingi huvaa nguo ya lile la kwanza, kwa maana mbele ya wakubwa ni rahisi kuitetea afya kuliko kuutetea mfuko.

Iko tofauti nyingine iliyo kubwa zaidi kwa mwandishi wa historia. Barua ya malalamiko huandikwa na mtu mwenye anwani. Halmashauri ya Manispaa ilipoundwa mwaka wa 1949, mwenye duka na mwenye nyumba waliweza kuiandikia kwa Kiingereza na kujibiwa. Hamali aliyekula uji kwa senti chache hakuandika barua ya kusema kwamba uji ule ulimfaa. Kwa hiyo atakayeisoma habari hii katika majalada peke yake atawasikia walalamikaji, wala hatawasikia walaji.

Je, sauti ya mlaji imepotea kabisa? Naona la, imehifadhiwa katika lugha. Katika miaka ya 1980 mishahara ya mjini haikutosha tena, na wanawake wengi walitoka kupika karibu na viwanda na mahali pa ujenzi. Mwaka wa 1983 ilipitishwa sheria iliyojulikana kwa jina la Nguvu Kazi, iliyomtaka kila mtu mwenye uwezo awe na kazi inayotambulika. Mchuuzi aliweza kuhesabiwa kuwa mzururaji. Baadaye wachuuzi walipewa leseni zilizoitwa kwa jina hilo hilo. Wakati huo huo wanawake wale walipata jina lao, mama ntilie, yaani “mama, nitilie”. Hilo si jina la kazi kwa desturi ya ofisi, wala halina mu- ya mtendaji kama mpishi au mchuuzi. Ni ombi la mtu mwenye njaa aliyenyosha sahani yake, na mwenye kuombwa anaitwa mama. Hiyo ndiyo hati ya walaji, na ndicho kibali chenyewe. Baadaye lilienea jina la mama lishe, likafuatwa na baba lishe. Ni jina la heshima, tena limeundwa vizuri; lakini ndani yake mlaji hasemi tena.

Matukio ya miaka ya karibuni yanathibitisha yaliyotangulia. Kipindupindu kilipozuka mwezi wa Agosti 2015, wakuu walipiga marufuku uuzaji wa chakula mahali pa wazi. Mwezi wa Desemba 2018 Rais John Magufuli aligawa vitambulisho 670,000 kwa wakuu wa mikoa, wapewe wafanya biashara wadogo ambao mauzo yao hayafiki shilingi milioni 4 kwa mwaka, kila kimoja kwa shilingi 20,000. Kitambulisho kilikuwa cha mtu, hakikuwa cha mahali. Kilimkinga mwenyewe asisumbuliwe, lakini hakikumwambia jirani ni ukuta wa nani utakaoegemewa, wala ni nani atakayezoa taka jioni. Mwezi wa Oktoba 2021 wachuuzi wa Dar es Salaam waliamriwa waondoke kando ya barabara na juu ya mifereji, waende mahali walipopangiwa. Basi hati iliyotolewa pasipo kumwuliza jirani haikutosha kumweka mtu mahali pake.

Sisemi ya kwamba jirani hana haki. Mwenye kupumua moshi kila siku ana haki ya kusikilizwa, na mpita njia ana haki ya njia. Nisemalo ni kwamba leseni haiwezi kushika mahali pa kibali. Leseni itakayodumu ni ile itakayotaja mahali, saa, maji na taka, na itakayotolewa baada ya kuwasikia jirani na mlaji pamoja, kama walivyosikilizwa barazani kabla mji haujagawanywa.

Kwa sisi tunaoshughulika na lugha iko kazi ya kutangulia. Wazee wa Kariakoo, Ilala na Temeke waliokula magengeni wangali wanayakumbuka majina ya vyakula, ya vyombo na ya watu, na namna mlaji alivyomwita muuzaji kabla jina la mama ntilie halijaenea. Maneno hayo hayamo katika majalada. Yakusanywe sasa, maana mashahidi wa upande wa walaji hawakuandika, na kila mwaka wanapungua.