Bingwa wa Nchi Alipotoka Malindi

Malindi ya Unguja ni mtaa wa bandarini. Mbele kuna majahazi na mnada wa samaki, nyuma vichochoro vinavyoingia Mji Mkongwe. Ukitembea kwa haraka unaumaliza kabla jasho halijakutoka. Mtaa huu mdogo umetoa bingwa wa soka wa Tanzania nzima mara mbili, mwaka 1989 na 1992, katika ligi ambayo sasa haipo: Ligi ya Muungano.

Njia ya klabu ya mtaa huu, Malindi, kwenda kwenye ubingwa ninaifuata kwa miguu. Kutoka Malindi nakata kushoto hadi Darajani, palipokuwa na mkondo wa bahari uliotenga Mji Mkongwe na Ng'ambo kabla haujafukiwa. Navuka barabara na kuingia Mlandege, mtaa mwingine wenye klabu yenye jina lake. Soka la Unguja limejengwa hivyo: Malindi, Mlandege, Miembeni, Shangani. Kumuuliza mtu timu yake ni karibu sawa na kumuuliza kwao.

Napita chini ya majumba ya Michenzani, naelekea mashariki hadi Amaan, uwanja uliofunguliwa mwaka 1970 kwa msaada wa China. Hapa ndipo mtaa ulipogeuka kuwa nchi. FIFA inaitambua Tanzania kama mwanachama mmoja, kwa hiyo Afrika ilipohitaji klabu bingwa, nchi ilipaswa kutoa moja tu. Kuanzia 1982 Ligi ya Muungano ikawakutanisha vinara wa Bara na wa Visiwani, na mshindi ndiye aliyebeba bendera ya Tanzania kwenye Klabu Bingwa Afrika.

Watu wa Bara hawakusubiri muda mrefu kupata jibu la visiwani. Mwaka 1984 taji lilichukuliwa na KMKM, timu ya kikosi cha kuzuia magendo baharini. Kisha ikaja Malindi. Taji lile lile walilolitwaa Yanga na Simba, vigogo wenye mashabiki nchi nzima, lilivuka bahari likaja kukaa mtaani. Mwaka 1995 timu ya taifa ya Zanzibar nayo ikatwaa Kombe la Chalenji la Afrika Mashariki na Kati kule Uganda. Kizazi kile kilikuwa kimezoea mechi ngumu.

Ligi ya Muungano haikuuawa na vipigo. Iliuawa na ushindi wa mezani. Mwaka 2004 Zanzibar ilipata nafasi yake CAF, shirikisho la soka la Afrika, na klabu zake zikaanza kuingia mashindano ya Afrika moja kwa moja. Kwa nini tena kupigania nafasi moja na Yanga, wakati una mlango wako? Ligi ya Muungano ikakosa kazi. Marekani, ligi ya kikapu ya ABA ilipokufa mwaka 1976, timu zake 4 zilipokewa NBA. Huku kila mmoja alirudi kwao.

Faida ya mlango huo ipo: kila mwaka Zanzibar inaonekana Afrika. Lakini mara nyingi safari hukatika raundi za mwanzo, kwa sababu ligi ya ndani haina tena mpinzani wa kukunyoosha wiki hadi wiki. Uanachama kamili wa CAF uliopatikana Machi 2017 nao ulifutwa Julai mwaka huo huo.

Aprili 2024, Muungano ulipotimiza miaka 60, ushindani wa Bara na Visiwani ulirudishwa hapa Amaan kama Kombe la Muungano. KMKM na KVZ za visiwani zilitolewa nusu fainali, na kwenye fainali Simba ikaifunga Azam, nayo ya Bara, 1-0. Fainali ya Muungano, Unguja, bila timu ya Unguja.

Kombe la siku chache halitabadilisha hilo. Likipewa ratiba ya msimu mzima na tuzo inayoumiza kuikosa, klabu za visiwani zitapata tena kilichoikuza Malindi. Leo zinaweza kukutana na yeyote Afrika, ila haziwezi kuwa bingwa wa nchi yao.