Gorila wa Bwindi: Nani Anakula, Nani Alihamishwa?

Ndugu zangu, wiki hii nawaletea historia ya hapahapa Uganda, karibu kabisa na mpaka wa kwetu Kongo.

Kabla ya 1991, Batwa walitegemea misitu ya Bwindi na Mgahinga. Waliwinda humo, wakarina asali, wakachimba dawa, wakaomba kwa mababu zao. Mwaka huo serikali ikafanya misitu hiyo kuwa hifadhi za taifa na Batwa wakatolewa. Fidia ilienda zaidi kwa waliokuwa na mashamba. Batwa walikuwa na msitu tu, na msitu haukuhesabiwa. Wengi wakabaki maskwota, wanalimia wengine ili wapate chakula.

Mwaka 1993 watalii wakaanza kuja Bwindi kuona gorila wa milimani. Tusiseme uongo, faida ipo. Vijana wanaongoza wageni, wanabeba mizigo, wanapika hotelini. Asilimia 20 ya kiingilio cha hifadhi hurudi kwa jamii za jirani, na imejenga shule na zahanati. Gorila nao walikuwa karibu kwisha, leo wamepita 1,000 Bwindi na Virunga pamoja.

Lakini hiyo asilimia 20 iangalie vizuri. Ni ya kiingilio, siyo ya kibali cha gorila. Na kibali ndicho chenye pesa: mgeni wa nje analipa dola 800 kukaa na gorila saa moja! Kutoka hapo jamii inapata kidogo tu.

Tena pesa ya utalii inakatika ghafla. Machi 1999 waasi waliovuka kutoka Kongo waliua watalii 8 pale Bwindi, wageni wakakimbia. Mwaka 2020 korona ikafunga kila kitu, na Juni mwindaji akamuua Rafiki, gorila dume maarufu.

Leo Batwa wengine wanachezea watalii ngoma na kuwaonyesha walivyokuwa wakiwasha moto msituni. Wanalipwa kuigiza maisha waliyokatazwa kuishi.

Sisi tulikimbia vita, wao walitolewa kwa sheria, lakini uchungu wa kuacha kwenu tunaujua. Siku amani ikirudi Kivu, Virunga yetu, iliyoanzishwa na Wabelgiji 1925, itaita watalii tena. Tusishangilie tu hoteli. Tuulize mapema: nani alihamishwa hapa, na fungu lake ni lipi?

Wewe unaonaje?