Upepo, Kivuli na Kazi: Historia ya Kupoza Nyumba katika Miji ya Mwambao wa Afrika Mashariki

Ikisiri

Makala haya yanachunguza namna wakazi wa miji ya mwambao walivyopunguza joto majumbani kabla ya kuenea kwa mashine za umeme. Kwa kutumia mifano ya Lamu, Unguja na Dar es Salaam, yanadai kwamba nafuu hiyo haikutokana na unene wa kuta peke yake, bali na mpangilio wa nyumba na mtaa, saa za kutumia kila sehemu, na kazi ya watu. Kwa hiyo, hifadhi inayolinda kuta na kuyaacha mambo hayo hulinda sura ya nyumba bila kulinda nafuu yake.

1.0 Utangulizi

Katika maandishi mengi kuhusu majumba ya mawe ya Waswahili, hurudiwa kauli kwamba majumba hayo yana ubaridi kwa sababu kuta zake ni nene. Kauli hii ina ukweli, lakini haitoshi. Ukuta mzito hufaa zaidi katika nchi zenye mchana mkali na usiku wa baridi, kwa kuwa joto lililofyonzwa mchana hupata nafasi ya kutoka usiku. Mwambao si nchi ya namna hiyo. Katika msimu wa kaskazi, tofauti ya joto kati ya mchana na usiku ni ya nyuzi chache tu, na hewa imejaa unyevu. Unyevu huo huzuia jasho kukauka, na mtu hupata nafuu pale tu hewa inapopita juu ya ngozi yake. Swali la kihistoria, basi, ni jinsi watu walivyolikinga jua, walivyouongoza upepo, na walivyogawana sehemu zilizokuwa na nafuu.

Aidha, nyumba ya mawe ilikuwa ya wachache. Ibn Battuta, aliyefika Kilwa mwaka 1331, aliueleza kuwa mji wa nyumba za mbao, ingawa akiolojia imeonesha kwamba yalikuwapo pia majengo makubwa ya mawe kama Husuni Kubwa. Wakazi wengi wa mwambao waliishi katika nyumba za miti, udongo na makuti. Paa la makuti ni jepesi, hupitisha hewa wala halihifadhi joto. Usiku nyumba ya namna hiyo hupoa mapema kuliko jumba la mawe. Utajiri wa mwenye nyumba, kwa hiyo, haukuwa kipimo cha ubaridi wa chumba alicholala.

2.0 Mpangilio wa Nyumba ya Lamu

Usam Ghaidan, katika kitabu chake cha mwaka 1975 kuhusu mji wa Lamu, aliweka kumbukumbu ya majumba ya mji huo kwa ramani na michoro. Mpango wake unafahamika. Mgeni huingia kupitia daka, mahali penye mabaraza ya kukalia, kisha tekani, ndipo afike kiwandani, yaani ua ulio wazi juu. Mbele ya kiwanda kuna kumbi ndefu na nyembamba zinazofuatana, msana wa tini na msana wa yuu, na nyuma yake chumba cha ndani. Wembamba wa kumbi hizo ulitokana na boriti: mti wa mkoko hubeba dari nzito kwa upana wa mita 2.5 hadi 3 hivi, si zaidi. Kipimo hicho kilisafiri pamoja na boriti zilizopelekwa kwa majahazi hadi Ghuba, ambako vyumba vya nyumba za zamani navyo ni vyembamba vivyo hivyo.

Kiwanda ndicho kilichokuwa pua ya nyumba. Hewa yenye joto ilipanda na kutokea hapo, na hewa ya kivulini ikaingia kupitia mlango na kumbi. Nje, vichochoro vilikuwa vyembamba kiasi kwamba jua liliwafikia wapita njia kwa saa chache tu, na wikio, yaani vyumba vilivyojengwa juu ya njia ili kuunganisha nyumba mbili, viliongeza kivuli. Vichochoro vinavyoteremkia pwani viliingiza upepo wa bahari mjini. Nyumba moja haikujipoza peke yake. Ilikopeshwa kivuli na jirani.

Adui mkubwa alikuwa jua la utosini, kwani karibu na ikweta paa hupigwa na jua kuliko ukuta. Dari bapa la mawe na chokaa lilipakwa chokaa nyeupe ili kurudisha mwanga. Baadaye majumba mengi ya Lamu yaliezekwa makuti juu ya dari hilo, na kati ya mapaa hayo mawili pakapatikana nafasi yenye kivuli na upepo. Ni hapo juu watu walipopumzika jioni, wakati kuta za chini zilipokuwa zikitoa joto la mchana. Familia ilihama ndani ya nyumba yake yenyewe: chini mchana, juu usiku.

3.0 Nani Alipata Nafuu?

Mpangilio huu haukumnufaisha kila mtu kwa kiasi kimoja. Baraza la nje, lenye upepo wa njiani, lilikuwa zaidi la wanaume. Wanawake wa familia zenye hadhi walikaa ndani, na chumba cha ndani, kilichokuwa mbali zaidi na ua, kilikuwa na hewa kidogo kuliko vyote. Katika majumba ya ghorofa, sehemu ya chini yenye giza na unyevu ilitumika kwa ghala, kazi na makazi ya watumwa, na mwenye nyumba aliishi juu.

Kazi nayo ilikuwa na wenyewe. Kuchota maji, kuchoma matumbawe kwa ajili ya chokaa na kupaka kuta upya ni kazi zilizofanywa kwa sehemu kubwa na watumwa. Utumwa ulipofutwa kisheria Unguja mwaka 1897 na pwani ya Kenya mwaka 1907, gharama ya kazi hizo ilianza kuonekana. Lugha yenyewe imehifadhi kumbukumbu ya namna hii: neno pangaboi, tunalolitumia kwa feni ya darini, yaelekea limetokana na panka la Kihindi na mtumishi aliyelivuta kwa kamba. Kabla ya umeme, upepo wa bwana ulikuwa mkono wa mtu mwingine.

4.0 Mabati, Saruji na Mipango Miji

Mabadiliko makubwa ya joto majumbani yalianza kabla ya viyoyozi. Mabati yalivutia kwa sababu hayashiki moto na hayadai kuezekwa upya kila baada ya miaka michache. Lakini bati bila dari hupitisha joto la jua moja kwa moja hadi kwa wakaaji. Saruji nayo, ilipopakwa juu ya kuta za matumbawe na chokaa, ilizuia unyevu kutoka, na kuta zikaoza kutoka ndani.

Dar es Salaam, upepo wenyewe uligawanywa. Mji ulitengwa katika sehemu tatu zilizojulikana kama Uzunguni, Uhindini na Uswahilini. Chini ya Waingereza kanuni zilitaja aina ya jengo badala ya rangi ya mkaaji, lakini matokeo hayakutofautiana: viwanja vikubwa vya ufukweni, kama vya Oyster Bay, vilipata upepo wa bahari, na Kariakoo ikabaki nyuma ya uwanja wa Mnazi Mmoja. Huko ilistawi nyumba ya Kiswahili yenye baraza mbele, ukumbi katikati na ua nyuma, ambamo upepo uliingia mlango wa mbele ukatokea uani. Kodi ilipopanda, ua ulijazwa vyumba vya kupangisha, na njia ya upepo ikazibwa. Nyumba iliongeza wapangaji na kupoteza pumzi.

5.0 Hitimisho

Mji Mkongwe wa Zanzibar uliingizwa katika Orodha ya Urithi wa Dunia mwaka 2000, na Lamu mwaka 2001. Hatua hizo zimeokoa milango, zidaka na kuta nyingi. Hata hivyo, ua ukiezekwa, wikio likibomolewa au nyumba ya jirani ikiongezwa ghorofa, jumba lililohifadhiwa huwa na joto kama jengo jipya, na kiyoyozi hufuata. Wahifadhi na wapangaji wa miji wanapaswa kuuhesabu upepo na kivuli kuwa sehemu ya urithi, na kuupima mtaa kabla ya kuipima nyumba. Wanapaswa vilevile kuuliza ni nani atakayekaa barazani, ni nani atakayekaa chumba cha ndani, na ni nani atakayelipa gharama ya chokaa, maana historia inaonesha kwamba maswali hayo yalikuwa na majibu machungu hata katika nyumba zilizosifiwa kwa ubaridi.