Malale Katika Ufuko wa Rumonge

Mwanzoni mwa karne ya 20 ugonjwa wa malale ulienea mwambao wa Ziwa Tanganyika. Serikali ya Wajerumani ilifyeka vichaka vya ufukoni, makazi ya mbung'o, katika ukanda wa Imbo ulimo Rumonge, na kuwatibu wagonjwa kwa atoksili. Katika Visiwa vya Ssese, mwaka 1907, Robert Koch alikwisha kuona kwamba dawa hiyo, ikizidishwa, hupofusha. Watu waliiogopa. Mgonjwa mwenye hofu hupanda mtumbwi usiku, na ugonjwa husafiri naye. Askari aweza kufunga barabara, ziwa halifungiki. Basi mipango ya tiba na uchukuzi ipangwe pamoja, na maelezo kwa wananchi yaitangulie amri.